UBWANA UKIFUKUZWA OFISINI USIKIMBILIE NYUMBANI

Tarehe 1 Mei 1971 mambo mawili yalikutana katika Tanzania Bara, na wengi hawakutambua kwamba mambo hayo ni ndugu. La kwanza lilizoeleka: ilikuwa Siku ya Wafanyakazi, siku ya maandamano, hotuba na mabango. La pili lilikuwa jipya: siku hiyo hiyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilianza kutumika. Na miezi michache tu kabla yake, Februari, TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, uliomkataza kiongozi kiburi, majivuno, dharau na uonevu. Hivyo katika mwaka mmoja taifa liliwaambia watu wake maneno matatu yenye shina moja. Mfanyakazi ana haki mbele ya mwajiri. Mwananchi ana haki mbele ya kiongozi. Mke ana haki mbele ya mume.

Yupo mtu mmoja ambaye maisha yake yalipita ndani ya maneno hayo yote matatu. Huyo ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa Matepwende, katika nchi ya Songea, tarehe 27 Mei 1926, na kufariki dunia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2009. Mwaka ule wa 1971 yeye alikuwa Makamu wa Pili wa Rais na msimamizi wa shughuli za Serikali Bungeni. Wananchi walimwita Simba wa Vita, na kwa jina hilo wengi humkumbuka kama mtu wa amri na mapambano. Lakini vita alivyovipigana kwa muda mrefu zaidi havikuwa vya bunduki. Vilikuwa vita vya haki ya mtu mdogo: kwanza karani, kisha kibarua, kisha mke na mtoto.

Maisha hayo yafaa kuchunguzwa upya, na mahali pazuri pa kuyachunguzia ni Morogoro, hasa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru. Watu wa Mzinga wana sababu yao ya kulikumbuka jina la Kawawa, kwani tangu mwaka 1977 hadi 1980 aliiongoza Wizara ya Ulinzi, wizara ambayo Shirika la Mzinga liko chini yake. Lakini sababu iliyo kubwa zaidi inaonekana kila asubuhi njiani. Wafanyakazi wanaelekea kazini, na akina mama wanashuka kutoka milimani na mizigo ya ndizi na mboga kwenda sokoni. Mfanyakazi yule anajua saa zake za kazi, likizo yake na kiinua mgongo chake. Je, mama yule aliyebeba ndizi anajua kwamba naye yuko ndani ya sheria za nchi, na kwamba jasho lake lina hesabu? Na kama hajui, ni kazi ya nani kumjulisha?

MWAKA 1955, MILIMANI NA PWANI

Ili jibu lipatikane, hapana budi kurudi mwaka 1955. Katika Uluguru utawala wa kikoloni ulikuwa umeanzisha mpango wa kulinda udongo, na chini ya mpango huo kila kaya ilitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, nayo ilikula siku tatu katika wiki. Wataalamu waliiona milima ikimomonyoka, na hawakukosea katika hilo. Walikosea katika jambo jingine: hawakumuuliza mkulima. Matuta yalifukua udongo mbaya na kuufunika mzuri, mavuno yakapungua, na aliyelalamika aliadhibiwa. Mzigo mkubwa wa jembe katika nchi ile uliwaangukia wanawake, na hao ndio walioonja uchungu wake wa kwanza.

Julai 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima hiyo, wananchi walikusanyika kwa hasira, polisi wakaitwa, na mtu mmoja akapigwa risasi akafa. Baada ya hapo mpango wa matuta ulikufa nao. Somo lililobaki ni kwamba hata jambo lenye manufaa, likiletwa kwa ubwana, hugeuka kuwa mateso, na watu hulikataa pamoja na manufaa yake.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1955, vyama vya wafanyakazi vilikutana Dar es Salaam na kuunda Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, lililojulikana kwa herufi TFL. Katibu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Rashidi Kawawa. Mkulima wa Matombo na kuli wa bandarini hawakujuana, lakini madai yao yalikuwa mamoja. Kila mmoja alitaka ahesabiwe kuwa mtu, aulizwe kabla ya kuamriwa, na alipwe kwa jasho lake.

KARANI ALIYEACHA MSHAHARA

Kawawa hakuwa kuli wala manamba. Alikuwa mtumishi wa Serikali, na jambo hilo linawahusu moja kwa moja wasomaji wa ukurasa huu. Baada ya masomo yake katika Shule ya Serikali ya Tabora aliingia kazini akiwa karani, kisha akahamia Idara ya Maendeleo ya Jamii. Huko alizunguka nchi na gari la sinema, akashiriki katika kazi ya elimu ya watu wazima, na hata akaigiza katika filamu za Kiswahili, mojawapo ikiwa Muhogo Mchungu. Mwaka 1953 alipelekwa Urambo kuwahudumia Wakikuyu waliokuwa wamewekwa kizuizini huko wakati wa vita vya Mau Mau. Kijana aliyeajiriwa na utawala aliyaona kwa macho yake mambo ambayo utawala huo huo uliwatenda watu.

Mwaka ule wa 1953 Serikali ya kikoloni ilitoa waraka uliowakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa. Waraka huo uliwaweka wasomi wachache wa Kiafrika katika njia panda. Aliyekuwa na kalamu alikatazwa kuitumia kwa ajili ya wenzake, na aliyetaka kusema ilimpasa kwanza aache mkate wa watoto wake. Wengi walinyamaza, na si haki kuwalaumu wote, kwani mshahara wa karani mmoja ulilisha ukoo mzima. Wengine walisaidia kwa siri, usiku, kwa kuandika barua na kuchangia shilingi.

Kawawa alianza na mlango uliokuwa wazi, yaani chama cha watumishi wa Serikali wa Kiafrika, kilichoitwa TAGSA, ambacho alikuja kuwa Rais wake. Ndani ya chama hicho alijifunza kudai kwa hoja na takwimu: kwa nini Mwafrika na Mzungu wafanye kazi moja kwa mishahara miwili? Kwa nini likizo, nyumba na cheo vifuate rangi ya ngozi? Mwaka 1956 aliacha kazi ya Serikali ili awatumikie wafanyakazi kwa muda wake wote. Mwaka mmoja kabla yake, Machi 1955, Mwalimu Nyerere alikuwa ameacha kufundisha Pugu. Mwalimu mmoja na karani mmoja waliacha mishahara yao, na hapo ndipo sehemu kubwa ya historia ya nchi hii ilipoanzia.

Yafaa pia kukumbuka ni akina nani waliotetewa na TFL. Mwishoni mwa mwaka 1956 waligoma Dar es Salaam watumishi wa majumbani na mahotelini, watu waliopika, waliofua na waliolea watoto wa wengine, na ambao hadi siku hiyo hapana aliyewadhani kuwa wafanyakazi. Kazi ya nyumbani ilidaiwa, hadharani, kuwa ni kazi. Fikra hiyo ilikuja kurudi tena baada ya miaka mingi, ndani ya mahakama, kwa sura nyingine.

MADARAKA NA KIVULI CHAKE

Tarehe 22 Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu ili akijenge Chama, na Kawawa akashika nafasi yake hadi Tanganyika ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huo. Alikuwa na umri wa miaka 35. Tangu hapo alishika nyadhifa mfululizo: Makamu wa Rais, Makamu wa Pili wa Rais baada ya Muungano, Waziri Mkuu tangu 1972 hadi 1977, Waziri wa Ulinzi, na Katibu Mkuu wa Chama Cha Mapinduzi tangu 1982 hadi 1990. Wachache sana katika Afrika wamekaa karibu na kiti cha kwanza kwa muda mrefu hivyo bila kukinyang'anya.

Matunda ya kwanza ya Uhuru kwa mfanyakazi yalipatikana mapema. Mwaka 1962 ilitungwa sheria ya malipo ya kuachishwa kazi, ukawekwa kima cha chini cha mishahara, na mwaka 1964 zikafuata sheria ya usalama wa kazi na ile iliyounda Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi. Manamba wa mashamba ya katani, ambaye zamani alifukuzwa jioni bila senti, alipata mahali pa kusimama.

Lakini mwandiko wa historia una pande mbili, na anayesoma upande mmoja hajasoma. Mwaka ule ule wa 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani. Mwaka huo pia ilitungwa sheria ya kutatua migogoro ya kazi, iliyoubana mgomo hadi ukakaribia kutowezekana. Na baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL yenyewe, chama kilichomlea Kawawa, ilivunjwa, na mahali pake ikaundwa NUTA, iliyofungamana na Serikali. Mtu aliyeongoza migomo ndiye aliyekuwa ndani ya Serikali iliyoifunga milango ya migomo.

Watetezi wa hatua hizo walikuwa na hoja, na hoja zao hazikuwa za kitoto. Taifa lilikuwa changa, jeshi lilikuwa limeasi, na katika nchi jirani Serikali zilikuwa zikianguka kwa njama. Walisema kwamba mgomo wa wachache wenye ajira usilifanye taifa la wakulima kuwa mateka. Hata hivyo, nguvu iliyotolewa kwa ajili ya wasaliti haichelewi kumwangukia asiye na hatia, maana aliyenyimwa hakimu hana mahali pa kusema kwamba yeye si msaliti. Tume ya Jaji Nyalali, iliyotoa taarifa yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliitaja sheria hiyo ya kizuizini miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Kulisema hili si kumvunjia heshima Simba wa Vita. Mtu aliyeishi miaka 83 na kufanya makubwa ana haki ya kuhesabiwa kwa mizani kamili, na kizazi kinachomsoma kina haki ya kujua kwamba hata mpigania haki anahitaji sheria ya kumzuia akiisha kushika rungu.

MLANGO WA NYUMBA

Ni katika mizani hiyo hiyo ndipo Sheria ya Ndoa inapoonekana uzito wake. Kabla ya mwaka 1971 ndoa katika Tanzania Bara zilikuwa na sheria zao mbalimbali: ya Wakristo, ya Waislamu, ya Wahindu, na mila za makabila zaidi ya 100. Haki ya mwanamke ilitegemea mahali alipozaliwa na mtu aliyefungisha ndoa yake. Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo yake kwa maandishi na kuyapeleka kwa wananchi wayajadili. Majadiliano yalikuwa makali. Wapo wanaume walioapa kwamba nyumba zitavunjika, na ndani ya Bunge lenyewe wapo waliouliza inakuwaje mwanamume aombe ruhusa ya mkewe ili aoe mwingine. Serikali haikurudi nyuma.

Sheria iliyotokea ilisema nini? Ilisema kwamba hapana ndoa bila hiari ya wote wawili. Ilisema kwamba ndoa ya mke mmoja haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi ila kwa tamko la mume na mke. Ilisema kwamba mke ana haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Ilimkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe. Ilisema kwa maneno ya wazi kwamba mume au mke hana haki ya kumpiga mwenziwe. Ilimwajibisha mume kuwatunza mke na watoto. Ilitaka wagombanao wapite kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, na iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Mwaka 1975, Kawawa akiwa Waziri Mkuu, sheria ya ajira nayo ilirekebishwa, na mwanamke mfanyakazi, aliyeolewa na asiyeolewa, akapata likizo ya uzazi yenye malipo.

Mambo ya ndani ya nyumba ya kiongozi ni ya jamaa zake. Linalouhusu umma ni kwamba nyumba ya Kawawa haikukaa pembeni mwa vita hivyo. Mkewe, Sofia Kawawa, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu wa wanawake katika nchi, akaja kuiongoza UWT katika miaka ya 1980. Yeye alitaka sheria iende mbele zaidi, hasa juu ya ndoa za wake wengi, naye alisema hivyo hadharani. Maneno yake yaliwaudhi wengi. Huko Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki, yalifuatiwa Mei 1988 na maandamano yaliyogharimu maisha ya watu. Wakati huo mumewe alikuwa Katibu Mkuu wa Chama. Tukio hilo la huzuni linaonyesha jambo ambalo maofisa hulisahau: hapana siasa inayochoma kama ile inayoingia chumbani. Mtu huweza kuyakubali Mabadiliko ya Azimio na Mwongozo, lakini akatetemeka kwa hasira anapoambiwa kwamba mkewe ni raia.

Na sheria peke yake haikutosha. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa hili: je, mke aliyekaa nyumbani, akapika, akafua na kulea, amechangia mali ya ndoa? Mahakama ilijibu kwamba kazi ya nyumbani ni mchango unaohesabiwa. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, kwa sababu Mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe alikuwa amezifuja. Lakini mlango aliougonga ulifunguka kwa wengine wote. Neno lililotoka midomoni mwa wapishi na madobi wa Dar es Salaam mwaka 1956 lilikuwa limeingia katika sheria ya familia: kazi ya nyumbani ni kazi.

ULUGURU NA SHERIA

Hapa ndipo mama wa Mzinga mwenye mzigo wa ndizi anaporudi. Waluguru ni watu wafuatao ukoo wa mama, na kwa mila yao ardhi ya ukoo hupita upande huo. Kwa hiyo mwanamke wa Kiluguru hakungoja mwaka 1971 ili afundishwe kwamba anaweza kuwa na shamba. Yako mambo ambayo sheria ya nchi ingeweza kujifunza kutoka milimani. Lakini shamba la ukoo si nyumba ya mabati iliyojengwa mjini kwa mshahara wa mume na mauzo ya ndizi za mke. Si kiwanja kilichopimwa wala akiba iliyoko benki. Mali za namna hiyo, ambazo mila haikuzijua, ndizo zinazogombaniwa leo, na huko mjomba hana sauti. Huko inahitajika sheria, na mtu wa kuieleza.

Mtu huyo ni nani? Si Jaji Mkuu, kwani yuko mbali. Ni mtendaji wa kata anayempokea mwanamke aliyepigwa, akachagua ama kumwandikia barua au kumwambia arudi akavumilie. Ni karani wa masjala anayeliona faili la mirathi ya mjane, akachagua ama kulipeleka mbele au kulikalia. Ni mjumbe wa baraza la usuluhishi anayekumbuka, au anayejisahaulisha, kwamba kusuluhisha si kumshauri mnyonge akubali kushindwa. Ni mwalimu anayemwona msichana wa darasa la saba ametoweka ghafla, akachagua kuuliza au kunyamaza kwa sababu baba wa msichana ni jirani yake.

Mkoa wa Morogoro una vyuo ambavyo kazi yake ni kuwaandaa watu kama hao. Mzumbe kumefundishwa watumishi wa umma tangu ilipokuwa shule ya serikali za mitaa katika miaka ya 1950, na Kigurunyembe wamefundishwa walimu. Waliopita huko wanajua vifungu, kanuni na nyaraka. Lakini mwenye cheti cha utawala anayempiga mkewe usiku amefeli somo lake la kwanza. Mwalimu anayefundisha Uraia asubuhi, na jioni akashika nafasi ya mbele katika kikao cha posa ya mwanafunzi wake, ameufuta ubao aliouandika mwenyewe.

KASORO YA SHERIA NA HESHIMA YA WAZEE

Sheria ya 1971 nayo ilikuwa na kasoro, na kasoro hiyo iliwagusa watoto. Ilimtaka mwanamume awe na miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na kwa idhini ya mahakama hata miaka 14. Kwa wakati wake ilionekana kuwa hatua, maana kabla yake mipaka ilikuwa hafifu zaidi. Lakini ngazi inayofaa kupandia haifai kulaliwa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Na Novemba 2021 ulitolewa waraka wa kuwarudisha shuleni wasichana waliokatiza masomo, wakiwamo waliojifungua.

Wapo wanaodhani kwamba kuigusa sheria ya zamani ni kuwadharau wazee walioitunga. Fikra hiyo si sahihi. Wazee hao hawakuiona sheria kuwa msahafu. Walikuta sheria za mkoloni wakazifuta, wakakuta mila wakazichuja, na walipokosea baadhi yao waliishi kuona makosa yao yakisahihishwa. Tume ya Nyalali ilipozitaja sheria zile 40, Kawawa alikuwa hai, naye aliishi miaka mingi baadaye katika nchi ya vyama vingi. Heshima anayostahili ni kuendelezwa kwa kazi aliyoianza, pamoja na kuondolewa kwa makosa aliyoyaacha. Jina lake likiandikwa juu ya majengo huku msichana wa Uluguru anaozwa akiwa na miaka 15, jina hilo litakuwa limetunzwa na kazi yake itakuwa imetupwa.

Alizikwa Madale, nje ya Dar es Salaam, mwanzoni mwa Januari 2010. Watoto wake wawili, Vita na Zainab, nao waliingia Bungeni. Lakini familia yake iliyo kubwa zaidi ni ile isiyobeba jina lake: kibarua aliyelipwa alipoachishwa kazi, mwanamke aliyejifungua bila kupoteza ajira, na mke aliyesimama mbele ya hakimu akasema kwamba nusu ya matofali yale ni jasho lake.

Mtumishi wa umma wa leo hakatazwi na waraka wa mwaka 1953. Hatakiwi kuacha mshahara wake ili aseme kweli, wala mwalimu hatakiwi kuacha kufundisha Pugu. Wanachotakiwa ni kidogo kuliko kile walichotoa waliowatangulia: faili lisilale, mjane asizungushwe, msichana aliyetoweka atafutwe, na sheria isomwe kwa sauti mbele ya wale iliotungiwa. Kisha, saa za kazi zikiisha, kila mmoja aende nyumbani na sheria hiyo hiyo mfukoni. Matombo ilikataa ubwana mwaka 1955, nao ulikuwa umevaa kofia ya Serikali. Ukivua kofia hiyo na kuvaa kanzu ya baba mwenye nyumba, bado ni ubwana ule ule, na dawa yake ni ile ile.